Gari limelala miezi 5 ya baridi: nianzie wapi kabla ya kupiga stata?

SWALI

Shikamoo fundi,

Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota. Katikati ya Novemba nilikwenda Mombasa kumuuguza mama, nikaliacha gari langu kwenye gereji ya nyumbani isiyo na hita. Ni Toyota 4Runner ya 1999, V6 ya lita 3.4, giya za otomatiki. Tangi lilikuwa na theluthi moja ya mafuta. Oili sikubadilisha kabla ya safari, na handibreki niliivuta.

Mpwa wangu alikuwa akija kila Jumamosi kuliwasha dakika 10 kisha analizima bila kulitoa nje. Aliacha Januari, baridi ilipozidi. Nimerudi wiki hii, katikati ya Aprili. Nilipogeuza ufunguo taa za dashibodi ziliwaka kwa unyonge, ikasikika "ta-ta-ta-ta", basi. Kwenye kapeti ya upande wa abiria nimeona maganda ya mbegu na vinyesi vya panya.

Shemeji anasema nitoe plagi zote nimimine oili kwenye silinda, la sivyo ringi zitakwaruza. Jirani anasema hayo yote ni ya nini, alete gari lake tuboosti betri humo humo gerejini, mlango tuufungue kidogo tu kwa ajili ya baridi. Mtu mwingine ameniambia nimwage petroli yote kwa kuwa imeshaoza. Nimsikilize nani?

Dada wa Brooklyn Park

JIBU

Marahaba, dada. Pole kwa safari, na Mungu amzidishie mama afya.

Nianze na jirani, maana ushauri wake ndio unaoweza kuua mtu. Injini isiwashwe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi wote. Injini baridi huchoma mafuta mengi kuliko hewa inayopata, na hapo ndipo inapotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na kama gereji imeungana na nyumba, hupenya hadi vyumbani. Gari lisukumwe kwanza hadi nje, bomba la ekzosti lielekee uwazi na lisizibwe na rundo la theluji.

Sasa hiyo "ta-ta-ta-ta". Ni swichi ya stata inayovutwa na kuachiwa mara kwa mara kwa sababu moto wa betri hautoshi kuishikilia. Usigeuze ufunguo tena. Miezi 5 kwa injini nzima si muda wa kutisha. Madhara mengi hutokea siku ya kuiamsha, mtu anapopiga stata kabla hajaangalia kilichoingia au kilichovuja wakati gari limelala. Kwa hiyo igawe kazi hii siku mbili: siku ya kwanza betri inachajiwa ndani huku wewe ukikagua gari lisilo na moto, siku ya pili ndiyo ya kuwasha.

Betri

Gari hata likizimwa hula moto kidogo kidogo: saa, kumbukumbu ya kompyuta, alamu. Chukua mfano wa miliampia 30. Kwa siku 150 hiyo ni zaidi ya ampia-saa 100, na betri ya gari kama lako hubeba kama 60 hivi. Ilikuwa lazima iishe.

Fungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya, uitoe. Itazame mbavuni kabla ya kuifikiria chaja. Betri iliyojaa haigandi hata baridi ifike nyuzi −50 za Selsiasi, lakini iliyokwisha kabisa huweza kuganda kwenye nyuzi −7 tu, na Januari ya Minnesota hupita hapo kila mwaka. Ikiganda hufura na kupasuka ndani. Ukiona mbavu zimetuna, ufa, au unyevu wa asidi kwenye sahani ambayo betri imekalia, usiichaji wala usiiboosti, kwa sababu inaweza kulipuka. Nunua nyingine na hiyo uirudishe dukani.

Kama iko sawa, iweke mahali penye joto na hewa, mbali na moto, uichaji taratibu kwa ampia 5, usiku kucha na zaidi. Ikishajaa iache itulie saa kadhaa bila chaja, ndipo upime kwa mita. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya 12.4 baada ya kutulia, imechoka. Maduka mengi ya vipuri hapa Marekani huipima kwa mzigo bila malipo, na kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko cha volti peke yake.

Kuboosti kunawezekana, ila kwa betri iliyokauka kiasi hiki sikushauri. Altaneta imetengenezwa kurudisha moto kidogo uliotumika kupiga stata. Ukiibebesha kazi ya kujaza betri tupu, inafanya kazi kwa nguvu zote muda mrefu na kupata joto kali. Siku ikibidi, utaratibu ni huu: klipu nyekundu ya waya wa kuboosti kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari linalosaidia, nyeusi kwenye hasi ya gari linalosaidia, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche ya mwisho isitokee penye gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri. Ukitoa, anza na hiyo ya mwisho urudi nyuma.

Panya

Hapa usiharakishe. Maganda ya mbegu kwenye kapeti ya abiria mara nyingi humaanisha kiota kiko kwenye feni ya hita, ambayo ipo juu ya miguu ya abiria. Ukiwasha feni hiyo, vumbi la vinyesi litapulizwa usoni pako.

Wako panya wa Amerika Kaskazini wanaobeba virusi vya hanta. Ugonjwa wenyewe ni nadra, lakini ukishafika mapafuni huua zaidi ya theluthi moja ya wanaoupata. Kwa hiyo usifagie na usitumie vakyumu. Fungua milango yote gari lipate hewa kwa nusu saa, vaa glavu za mpira, changanya kipimo 1 cha bleach ya dukani na vipimo 9 vya maji, lowesha vinyesi na kiota, subiri dakika 5, kisha kusanya kwa karatasi na ufunge kwenye mifuko miwili. Mchanganyiko huo usiumwage juu ya soketi za umeme chini ya boneti, kwani hula chuma. Huko futa kwa karatasi iliyoloweshwa tu.

Kisha fuata njia ya hewa. Fungua klipu za boksi la filta ya hewa, utoe filta. Panya hupenda mno boksi hilo: ni kavu, lina godoro la karatasi, na mlango wake ni bomba la kuvuta hewa. Ukikuta nyuzi za kiti na majani yamejazwa humo, ondoa yote na uweke filta mpya. Angalia hasa upande wa filta unaoelekea injini. Kama karatasi imetobolewa, vua bomba la mpira uchungulie hadi kwenye throtoli (mlango wa hewa wa injini), kwa sababu takataka yoyote iliyopita hapo itavutwa silinda mara injini itakapozunguka. Mulika pia ndani ya bomba la ekzosti.

Waya zifuate kwa macho na vidole. Kwenye V6 hii ziko waya za senza za noki (zinazosikiliza injini ikigonga), ndani ya bonde la V chini ya manifoldi ya hewa, na bonde hilo ni mahali pa joto ambapo panya hujilaza. Huwezi kuziona bila kuvua manifoldi, lakini taa ya injini ikija kuwaka na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa msimbo P0325 au P0330, utajua pa kuanzia, na hutanunua senza kabla ya kukagua waya. Waya wowote ulioliwa hadi shaba ikaonekana urekebishwe kabla ya kurudisha betri. Waya za plagi nazo, na mipira ya petroli: ukinusa petroli mbichi chini ya boneti, simama hapo hapo umwite fundi.

Oili na kulanti

Mpwa alikuwa na nia njema, lakini zile dakika 10 za Jumamosi ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kulala kwenyewe. Kila lita ya petroli ikichomwa hutoa takribani lita moja ya maji. Injini ikipata moto sawasawa, maji hayo hutoka yote yakiwa mvuke. Kwenye baridi ya nyuzi −15, dakika 10 bila kutembea hazitoshi kuipasha oili; maji na petroli ambayo haikuungua hupita kando ya ringi hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na mengine hubaki ndani ya ekzosti yakiila kwa kutu. Betri nayo haikupata kitu, kwa kuwa betri baridi hupokea chaji kwa shida, na kama aliwasha hita na taa, altaneta ilikuwa ikilisha hizo.

Basi chomoa kijiti cha oili. Pangusa, rudisha, chomoa tena. Nusa. Kama usawa umepanda juu ya alama ya juu na kinanuka petroli, badilisha oili kabla ya kuwasha; oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, haiwezi kulinda beringi za kranki. Kama usawa ni wa kawaida na rangi ni ya kahawia au nyeusi, iache kwa sasa, utaibadilisha siku hiyo hiyo ikiwa ya moto.

Fungua na kifuniko cha kujazia oili. Utando mweupe kama mtindi chini ya kifuniko peke yake ni ule mvuke wa Jumamosi, futa tu. Lakini ukiukuta weupe huo kwenye kijiti, na kulanti (maji ya kupozea injini) imepungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi au bloku iliyopasuka kwa barafu. Gari hilo haliwashwi.

Kulanti iangalie kwenye rejeta yenyewe injini ikiwa baridi, usitegemee kitungi cha akiba pekee. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji huvumilia hadi nyuzi −37 hivi. Kipimo cha kunyonya cha kulanti ni cha bei ndogo na kitakuambia. Ikiwa kuna mtu aliwahi kujazia maji matupu kiangazi kilichopita, mulika mbavu za injini na chini yake ukitafuta ufa, michirizi mikavu ya rangi, au plagi za chuma za bloku zilizosukumwa nje.

Oili ndani ya silinda? Shemeji yako hajabuni. Kazi hiyo ipo, lakini ni ya injini iliyolala zaidi ya mwaka, au iliyokaa kwenye unyevu mwingi. Hapo plagi hutolewa, kila silinda hupewa mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na injini huzungushwa kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya puli ya kranki kabla ya kutumia stata. Yako ilizunguka mara ya mwisho Januari. Haihitaji. Na kuna hatari yake: anayemimina kwa kukadiria huweza kuzidisha, na pistoni ikipanda kukuta kimiminika kisichobanika, konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki, hupinda.

Petroli

Usiimwage. Petroli hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka kwa urahisi injini ikiwa baridi, ndiyo maana ya zamani huwasha kwa shida. Miezi 5 ya baridi, kwenye tangi lililofungwa, bado haijafika huko. Kweli petroli ya Minnesota ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli hunywa maji. Lakini katika zile lita 23 hivi ulizoacha, ingebidi yaingie maji kama mililita 100 ndipo yajitenge na kukaa chini ya tangi. Mvuke wa hewa peke yake haufikishi hivyo kwa majira moja kama kifuniko ni kizima. Kiondoe unuse. Harufu ya petroli ya kawaida, endelea. Harufu kali ya vanishi, hapo ndipo tangi litolewe. Tangi lako ni la lita 70. Ongeza lita 40 za petroli mpya kwa madumu mawili na hiyo ya zamani itamezwa.

Kulisogeza

Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi hupoteza kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto zinazoshuka, mbali na kinachovuja chenyewe kila mwezi, kwa hiyo usishangae kuzikuta zimelegea.

Handibreki ndiyo itakayokusumbua. Nyuma una madramu, na chumvi ya barabarani huingia na kushikanisha viatu vya breki na dramu. Rudisha betri, chanya kwanza na hasi mwisho, funguo kwenye ON, kanyaga breki, weka N, achia handibreki, na watu wawili wasukume mbele na nyuma kwa kuyumbisha. Likigoma, weka kabari tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki, kaza stendi chini ya chasisi, vua tairi, gonga uso wa dramu kwa nyundo katikati ya stadi. Usijaribu kuling'oa kwa nguvu ya injini. Kitambaa cha kiatu hubanduka kwenye bati lake na breki ya upande huo inakufa.

Kuwasha

Gari liko nje. Mtu mmoja kwenye usukani, wa pili pembeni mwa injini na kizima-moto cha mafuta mkononi, boneti wazi. Rejesha giya kwenye P. Zima hita, redio, taa.

Kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI. Bila hiyo hakuna petroli wala cheche. Piga stata sekunde 5, pumzika nusu dakika, rudia mara mbili au tatu. Lengo ni kupandisha oili kutoka sampu hadi juu kwenye kemu (mihimili inayofungua valvu) kabla ya mlipuko wa kwanza. Sikiliza mzunguko: unatakiwa uwe wa mapigo sawa. Ukisikia "tok" moja zito na injini ikasimama ilhali betri imejaa, acha kabisa. Huenda kuna maji kwenye silinda, na hapo plagi lazima zitolewe.

Mzunguko ukiwa mzuri, rudisha fyuzi na uwashe. Mguu usiguse akseleta. Usisubiri kusikia pampu ya petroli ukiwa kwenye ON. Kwenye Toyota nyingi za umri huo pampu huanza injini inapozungushwa. Kwa hiyo stata ya kwanza huenda ikachukua muda kidogo presha ipande. Kikomo ni sekunde 10, pumziko dakika 1 ili stata ipoe. Mara nne bila mafanikio, acha, unusie ekzosti: harufu ya petroli maana yake mafuta yanafika ila cheche hakuna; hakuna harufu, anza na pampu na rilei yake.

Ikiwaka, macho yako kwenye taa ya oili. Izimike ndani ya sekunde 5. Isipozimika, zima injini, hata kama inanguruma vizuri. Usipige resi, iache yenyewe kwa dakika 1 au 2 wakati mwenzako anatazama matone ya petroli, oili na kulanti. Moshi mweupe wa mwanzo ni mvuke, utaisha. Moshi mweupe usioisha na wenye harufu tamu ni kulanti inayoungua. Wa buluu unaopotea ni oili iliyochuruzika kwenye sili za valvu, si wa kukukosesha usingizi. Belti ikipiga mluzi kwa nusu dakika na kunyamaza, vilevile. Pima betri: volti 13.8 hadi 14.5 maana yake altaneta inachaji.

Sasa jaribu breki papo hapo kwa mwendo wa kutembea, mara kadhaa. Mkwaruzo wa kutu kwenye diski za mbele utaondoka. Pedali inayozama haitaondoka, na gari hilo haliendi barabarani. Breki zikishika, ondoka taratibu, usipite mizunguko 2,500 kwa dakika hadi mshale wa joto ufike katikati, kisha endesha nusu saa nzima au zaidi kwenye barabara ya mwendo. Huo ndio muda unaoikausha oili na ekzosti.

Ukirudi, oili ikiwa bado ya moto, imwage. Weka filta mpya na 5W-30, karibu lita 5, uongeze ukifuata kijiti. Na ingia chini ya gari na mpira wa maji uoshe chumvi yote kwenye chasisi, hasa kuzunguka nyaya za handibreki. Novemba ijayo, ukisafiri tena, usiivute handibreki: acha giya kwenye P na kabari mbili kwenye tairi, jaza tangi, badilisha oili kabla ya kuondoka, na betri ibaki ndani ya nyumba kwenye chaja ndogo ya kutunzia. Mpwa naye mwambie Jumamosi apumzike.